Hesabu ya Kushuka kwa Volti: Mwongozo kwa Mafundi wa Umeme, Kware na Kajiado

Wayaringi ikikamilika, taa zikawaka na mita ikapokea tokeni, mwenye nyumba hulipa salio na fundi hufunga mkoba wake. Waya mwembamba uliovutwa umbali mkubwa haujulikani siku hiyo. Hujulikana miezi kadhaa baadaye, saa mbili usiku, ploti nzima ikiwa imewasha kila kitu: balbu zinafifia, friji inanguruma bila kupoza, pampu ya kisima inavuma palepale bila kuzunguka. Wapangaji husema stima haina nguvu, na lawama huenda moja kwa moja kwa Kenya Power. Wakati mwingine lawama hiyo ni ya haki. Wakati mwingine volti zimepotelea ndani ya ua, katika waya uliochaguliwa kwa mazoea bila hesabu yoyote.

Mwongozo huu unawalenga mafundi na wakandarasi wa Kware, Kitengela, Isinya, na kuelekea mjini Kajiado. Hapa viwanja vimekatwa kutoka mashamba makubwa ya malisho, na si ajabu nyumba kuwa mbali na nguzo. Vyumba vya kupanga hujengwa kwa safu na kuongezwa kila mwenye ploti anapopata fedha. Maji ni haba, kwa hiyo watu huchimba visima virefu na kuteremsha pampu chini kabisa. Katika mazingira ya aina hii urefu wa waya ndio unaoamua mambo, kuliko hata ukubwa wa mzigo.

Msingi wa jambo unaeleweka kwa urahisi. Kila waya una ukinzani. Mkondo ukipita, sehemu ya volti hutumika kuusukuma ndani ya waya wenyewe na kugeuka joto. Kinachobaki ndicho kinachofika kwenye kifaa. Ukinzani huongezeka kadiri waya unavyorefuka na hupungua kadiri unavyonenepa. Hupanda pia kwa joto: shaba iliyo katika nyuzi 70 za selsiasi ina ukinzani wa karibu asilimia 20 zaidi ya ilivyokuwa katika nyuzi 20. Alumini ya unene uleule huishinda shaba kwa ukinzani kwa zaidi ya asilimia 60, na ndiyo maana waya wa alumini hauwezi kuchukua nafasi ya waya wa shaba wa kipimo kilekile.

Nchini Kenya volti za kawaida ni 240 kwa fezi moja na 415 kwa fezi tatu. Kanuni za wayaringi za Uingereza, BS 7671, ambazo wengi bado huziita kanuni za IEE na ambazo mafundi wengi wa hapa wamefunzwa kwazo, ziliweka katika toleo la 17 la mwaka 2008 mpaka wa asilimia 3 kwa taa na asilimia 5 kwa matumizi mengine. Kwa fezi moja hizo ni volti 7.2 na volti 12. Toleo lililotangulia lilikuwa na mpaka mmoja wa asilimia 4, na fundi aliyesoma vitabu vya zamani hana budi kujua anatumia mpaka upi. Muhimu zaidi, asilimia hizo ni za safari nzima, kuanzia mita hadi kifaa cha mwisho. Kebo kuu ikishakula asilimia 3, waya za vyumbani hazina asilimia 5 nyingine mpya ya kutumia.

Hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kugawanya. Jedwali la kebo hutoa milivolti zinazopotea kwa kila ampea kwa kila mita. Thamani hiyo huzidishwa kwa mkondo wa kazi, kisha kwa urefu wa njia kwa mita, na jibu hugawanywa kwa 1,000 ili kupata volti. Kwa kebo ya shaba yenye ala ya PVC, fezi moja, thamani ni 29 kwa waya wa milimita za mraba 1.5, ni 18 kwa 2.5, 11 kwa 4, 7.3 kwa 6, 4.4 kwa 10, 2.8 kwa 16, na 1.75 kwa 25. Kwa fezi tatu ni 9.5 kwa waya wa 4, 6.4 kwa wa 6, na 3.8 kwa wa 10. Thamani hizi huchukulia kwamba waya umeshapata joto la nyuzi 70, hivyo kwa mzigo mdogo jibu huwa upande wa usalama.

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuzidisha urefu mara mbili. Jedwali limekwisha kuhesabu kwenda na kurudi. Urefu huzidishwa mara mbili pale tu fundi anapotumia ukinzani wa waya mmoja. La pili ni kupima njia kwa macho au kwa futi iliyonyooshwa uani. Waya haupiti hewani. Hupanda ukutani, huzunguka juu ya dari, huteremka hadi swichi, na katika nyumba ya vyumba vingi tofauti kati ya njia ya macho na njia ya kondiuti si ndogo. Njia hupimwa pale kondiuti itakapopita.

Shawa ya umeme ya wati 5,500, ambayo sasa inatarajiwa karibu katika kila nyumba ya kupanga yenye bafu la ndani, inafaa kuwa mfano wa kwanza. Wati hizo zikigawanywa kwa 240 hutoa karibu ampea 23. Kwa waya wa 2.5 na njia ya mita 25, volti zinazopotea ni 18 mara 23 mara 25, gawanya kwa 1,000: volti 10.35, yaani asilimia 4.3. Mtu anaweza kuridhika hapo. Hata hivyo, waya wa 2.5 uliovutwa ndani ya kondiuti ukutani hubeba takriban ampea 24 tu, tena ukiwa peke yake; ukichanganywa na waya za sakiti nyingine uwezo huo hushuka, na breka ya ampea 32 haiwezi kuulinda. Kwa hiyo waya hufanyiwa mitihani miwili: uwezo wa kubeba mkondo na kushuka kwa volti. Kufaulu mmoja hakufuti mwingine. Waya wa 6 hapa hupoteza volti 4.2 na hubeba mzigo bila shida, na ndio chaguo la fundi mwangalifu.

Katika safu ya vyumba tatizo huanza mapema zaidi. Tuseme kebo ya 10 inatoka mita hadi bodi ya nyuma, mita 45, na mahitaji ya jioni ni ampea 40. Volti zinazopotea ni 7.92. Taa za vyumba hivyo zimevuka mpaka wake wa 7.2 kabla ya waya wake wenyewe kuhesabiwa hata mita moja. Kebo ya 16 hupunguza upotevu hadi volti 5.04 na kuziachia sakiti za taa volti mbili na kidogo, zinazotosha kwa taa za kisasa zinazotumia mkondo mdogo. Tofauti ya bei kati ya kebo hizo mbili hulipwa mara moja. Malalamiko ya wapangaji hayana mwisho.

Visima ndivyo vinavyostahili uangalifu mkubwa kuliko yote, kwa sababu gharama ya kosa ni kuvuta bomba na pampu kutoka chini ya ardhi. Mfano ni pampu ya kuzamishwa ya kilowati 5.5, fezi tatu, ambayo kibati chake kinaonyesha ampea 13. Paneli iko mita 60 kutoka mdomo wa kisima, na pampu imening'inia mita 180 chini. Fundi anayepima uani pekee hupata mita 60. Kwa kebo ya 4 jibu lake ni volti 7.4, asilimia 1.8, na anaona kazi nzuri. Njia ya kweli ni mita 240. Kwa kebo ileile upotevu ni volti 29.6, asilimia 7.1. Kebo ya 6 hutoa karibu volti 20, asilimia 4.8, ambayo hupita kwa karatasi lakini haiachi chochote kwa kebo inayotoka mita hadi paneli. Kebo ya 10 hutoa volti 11.9, asilimia 2.9. Hiyo ndiyo ya kuteremsha.

Mwenye kisima akiuliza kwa nini alipie kebo nene, anastahili jibu la namba. Kwa makadirio, kebo ya 4 katika mfano huu hugeuza wati 667 kuwa joto wakati wote pampu inapofanya kazi. Ya 10 hugeuza wati 267. Tofauti ni wati 400. Pampu ikifanya kazi saa 8 kwa siku, hizo ni uniti 3.2 kila siku, zaidi ya 1,100 kwa mwaka, zinazolipiwa bila kutoa hata tone la maji. Uniti hizo zikizidishwa kwa bei iliyo kwenye risiti yake ya tokeni au bili ya mwezi, mwenye mali anaweza kuamua mwenyewe.

Mota ina jambo jingine. Ikiwashwa moja kwa moja huvuta mara tano hadi saba ya mkondo wake wa kawaida kwa muda mfupi, na volti hushuka kwa kiwango kinacholingana na mkondo huo. Namba inayopatikana kwa karatasi huwa kubwa kidogo kuliko hali halisi, kwa sababu mkondo wa kuwasha hauendi sambamba na volti, lakini hatari ni ya kweli: nguvu ya mota ya kuzungusha hufuata mraba wa volti. Volti zikibaki asilimia 80, nguvu ya kuzungusha hubaki asilimia 64. Mota iliyokwama hivyo huendelea kuvuta mkondo mkubwa hadi rilei ya ulinzi ikate au koili ziungue. Dawa ni kebo inayotosha na, inapohitajika, kiwashi laini. Kupandisha kipimo cha rilei ili isikate ni kosa la kitaaluma lisilo na utetezi. Fundi anayefanya hivyo ameuondoa ulinzi wa mali ya mtu na kumwachia hasara ya kuungua kwa pampu.

Wanaofunga sola katika maboma ya mbali na laini wanapaswa kukumbuka kwamba volti zikiwa chache, kila volti moja ina uzito. Ampea 5 kwa waya wa 2.5 wenye urefu wa mita 10 hupoteza volti 0.9. Katika mfumo wa volti 240 hiyo ni chini ya nusu ya asilimia moja. Katika mfumo wa volti 12 ni asilimia 7.5.

Lawama kwa Kenya Power nayo ipimwe kwa haki. Mradi wa Last Mile ulioanzishwa mwaka 2015 ulilenga kuunganisha wateja walio ndani ya mita 600 kutoka transfoma, na ulizifikia nyumba nyingi ambazo zingekaa gizani. Umbali huo una gharama yake ya kifizikia. Waya wa alumini wa milimita za mraba 50 una ukinzani wa oma 0.641 kwa kilomita. Kwa fezi moja, mita 600 kwenda na 600 kurudi ni oma 0.77, na ampea 20 tu zikipita hadi mwisho wa laini hupoteza volti 15. Wateja wakiongezeka kwenye laini hiyohiyo, wa mwisho huumia zaidi. Kwa hiyo upo wakati ambapo tatizo kweli liko nje ya lango, na hakuna kebo ya ndani itakayolitibu.

Njia ya kutenganisha pande hizo mbili ni kupima ncha mbili kwa wakati mmoja, mzigo ukiwa umewashwa, jioni wakati wa matumizi makubwa. Fundi mmoja husimama kwenye swichi kuu, upande wa mteja bila kugusa lakiri za mita, na mwingine kwenye kifaa kinacholalamikiwa. Swichi kuu ikisoma volti 236 na pampu ikisoma 214, volti 22 zimepotea ndani ya ua na ni jukumu la wayaringi. Swichi kuu ikisoma 208 hata mizigo ya nyumba ikiwa imezimwa, jambo ni la msambazaji, na mteja ana haki ya kulalamika kwa maandishi akiambatisha tarehe, saa na vipimo. Malalamiko yenye namba ni vigumu kuyapuuza. Kumuuzia mtu stabilaiza kabla ya kupima hivyo ni kuchukua fedha yake kwa kubahatisha.

Kabla ya kubadilisha kebo yoyote, viungio vikaguliwe. Skrubu iliyolegea kwenye breka, waya uliosokotwa kwa mkono na kufungwa utepe, au kiungo kilicholowa katika udongo mweusi wa Kitengela, unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa jua, huweza kula volti kuliko kebo nzima na kuwasha moto. Mkono ukihisi joto juu ya kifuniko cha breka, au plastiki ikiwa imebadilika rangi kuwa kahawia, tatizo limeshaonekana. Ishara moja isichanganywe na hizi: katika fezi tatu, balbu za upande mmoja zikizidi kung'aa huku za upande mwingine zikififia, hiyo ni nyutro iliyokatika au kulegea. Swichi kuu izimwe mara moja, maana volti za upande unaong'aa zinaweza kupanda hadi kuunguza kila kilichochomekwa.

Hesabu sahihi hubatilika kama kebo iliyonunuliwa si ile iliyohesabiwa. Sokoni kuna kebo zilizoandikwa 2.5 ambazo ndani hazifiki, na nyingine za alumini zilizopakwa shaba. Vipimo vya kweli vinajulikana. Waya mmoja mzima wa 1.5 una kipenyo cha milimita 1.38, wa 2.5 una 1.78. Waya wa 4 wenye nyuzi saba una uzi wa milimita 0.85, wa 6 una 1.04, wa 10 una 1.35. Mikromita ndogo hutoa jibu palepale kaunta, na ncha ya waya ikikwanguliwa kwa kisu, shaba hubaki nyekundu hadi ndani wakati alumini huonyesha weupe. Alama ya ubora ya KEBS na jina la kiwanda vichapwe kwenye ala yenyewe. Karatasi ya robota haitoshi. Muuzaji anayekataa kebo yake ipimwe amejibu swali.

Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, inayotoa leseni kwa mafundi na wakandarasi wa umeme kwa madaraja, kila daraja na mipaka yake ya kazi. Anayefanya kazi chini ya leseni ya mwenzake, au anayetia saini cheti cha kazi ambayo hakuiona, anabeba dhamana ya kitu asichokijua. Vijana wengi wa Kware huanza kama wasaidizi wa fundi, na hiyo ni njia ya heshima. Ila njia hiyo inaendelea hadi kwenye mitihani ya ufundi ya NITA na baadaye leseni. Fundi anayeweza kuonyesha hesabu zake kwa mtahini hukutana na maswali aliyoyazoea.

Zipo pia haki za mfanyakazi. Mwenye ujenzi akisisitiza kebo nyembamba kwa sababu imeshanunuliwa, fundi ana wajibu wa kukataa na kuandika kwa nini. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi kuripoti hatari iliyo karibu, na mwajiri haruhusiwi kumrudisha kwenye kazi hiyo hadi hatari iondolewe. Mteja naye, kwa Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, ana haki ya huduma ya ubora unaofaa na taarifa za kumwezesha kufaidika nayo. Kumweleza mteja namba za kebo yake ni kumpa haki yake.

Kwa vitendo, yote haya huingia katika karatasi moja inayoandaliwa kabla ya kebo kununuliwa. Kila sakiti hupewa mstari wake: inakotoka, inakoishia, urefu wa njia uliopimwa, mkondo wa kazi na jinsi ulivyopatikana, kipimo cha kebo, thamani ya jedwali, volti zinazopotea, na jumla kutoka mita. Chini huandikwa vipimo vilivyosomwa siku ya kukabidhi kazi, mzigo ukiwa umewashwa, jina la fundi na namba ya leseni. Nakala moja hubaki kwa mwenye nyumba, ikibandikwa ndani ya mlango wa bodi kuu. Nyingine hubaki kwa fundi.

Karatasi hiyo hufanya kazi kubwa zaidi pale mwenye ploti anapoongeza vyumba. Katika mfano wa safu uliotajwa juu, vyumba vipya vikipandisha mahitaji ya jioni kutoka ampea 40 hadi 60, kebo ya 16 iliyokuwa ikipoteza volti 5.04 sasa hupoteza 7.56, na taa za vyumba vyote, vya zamani na vipya, zimevuka mpaka. Fundi atakayeitwa, awe yule wa kwanza au mwingine, hufungua mlango wa bodi, husoma urefu na mkondo uliohesabiwa, na hujua kabla ya kukata waya wowote kwamba kazi hii inataka kebo ya 25 kutoka mita, ambayo itapoteza volti 4.7. Bei anayomtajia mwenye ploti huwa na kebo hiyo ndani tangu mwanzo, na mstari mpya huongezwa kwenye karatasi pamoja na tarehe na saini yake.